Akiba ya Mabadilishano: Mwongozo kwa Kaya ya Kigoma Siku Fedha na Reli Vitakapokoma

Mwongozo huu unaihusu kaya inayoishi Kigoma Ujiji, Kasulu, Uvinza au katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kwa sehemu kubwa unamfaa pia mkazi wa Tabora, ambaye anaishi kwa reli hiyohiyo. Unaeleza namna ya kuweka bidhaa na kujifunza kazi ambazo zitaweza kubadilishwa kwa chakula, huduma au nguvu za mtu mwingine endapo biashara ya kawaida itavunjika kwa miezi au miaka: benki zimefungwa, mtandao wa simu umezimika na pesa iliyomo kwenye simu haitoki, malori hayaji, na noti haina anayeitaka. Hayo si mambo ya kufikirika tu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita ilipoufikia mji wa Goma, benki za mji huo zilifungwa, na watu waliokuwa na fedha kwenye akaunti wakakosa fedha ya kununulia mahitaji. Kongo hiyo ndiyo ambayo wafanyabiashara wa Kibirizi, bandari ndogo ya Kigoma, huvuka ziwa kuiendea.

Wazee wetu nao wanayo kumbukumbu yao. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi nzima iliingia katika miaka ya uhaba wa sabuni, sukari, nguo na vipuri. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya kaya, na asiyepata sabuni alifulia majani ya mpapai. Shilingi zilikuwepo mifukoni wakati huo, lakini rafu za maduka zilikuwa tupu. Yafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu watu wengi wanaojiandaa kwa shida hufikiria kwanza kuficha fedha, wengine dhahabu, na wachache sana hufikiria sindano.

Hoja yangu ni hii: Kigoma haitaanza kwa kukosa chakula, itaanza kwa kukosa vitu vidogo vya kiwandani vinavyofanya chakula kivuliwe, kilimwe, kipikwe na kihifadhiwe. Kwa hiyo bidhaa ya kuweka ni ile inayokuja kwa reli na barabara kutoka mbali, na ujuzi wa kutafuta ni ule unaoweza kugeuza mazao ya hapa kuwa kitu ambacho awali kililetwa na reli.

Hatua ya kwanza: tenganisha cha hapa na cha mbali

Chukua daftari, gawanya ukurasa katika safu mbili, kisha kwa wiki mbili andika kila kitu kinachotumika nyumbani mwako kulingana na kinakotoka. Safu ya vitu vya hapa itajaa upesi. Mawese na mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yanatoka kwenye michikichi ya vijiji vinavyouzunguka mji. Dagaa na migebuka vinatoka ziwani. Maharage, mahindi na ndizi vinashuka kutoka nyanda za juu za Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Muhogo uko kila mahali. Kahawa iko Kalinzi. Chumvi inatoka Uvinza, ambako maji ya chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Upande wa Tabora utaongeza asali, nta, karanga, mpunga na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

Safu ya vitu vya mbali ndiyo inayopaswa kukushughulisha. Humo utakuta viberiti, nyembe, sindano, nyuzi, ndoana, nyavu, misumari, majembe, mapanga, tyubu za baiskeli, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, betri, taa za jua, madaftari, kalamu, na bila shaka dawa za hospitali. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, vitu vya namna hii vimekuwa vikiingia kwa wingi na kwa bei ndogo kiasi kwamba tumesahau jinsi vilivyo vigumu kutengenezwa. Mhunzi wa kijijini anaweza kukufulia jembe, lakini hawezi kukutengenezea sindano ya cherehani.

Kabla hujanunua chochote cha kubadilishana, hakikisha kwamba kaya yako ina chakula chake cha miezi mitatu na njia ya kupata maji salama. Mwenye njaa hana nafasi ya kupatana bei. Atatoa jembe kwa bakuli la unga.

Hatua ya pili: kipime kila kitu kabla ya kukinunua

Bidhaa ya mabadilishano inapaswa kuwa na sifa nne. Iwe inaisha, ili mtu aliyeichukua mwezi huu arudi tena. Iwe inagawanyika katika mafungu madogo, kwa kuwa wengi watakaokuja watakuwa na kidogo. Iwe inadumu katika joto na unyevu wa mwambao. Na iwe inafahamika kwa macho, ili mnunuzi asihitaji kuelezwa ubora wake.

Sifa hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, ingawa historia ya Ujiji inaifundisha vizuri. Katika miaka ya 1870 soko la Ujiji lilitumia shanga zilizoitwa sofi kama fedha ya kila siku, zikihesabiwa kwa nyuzi. Misafara iliyotoka pwani ilibeba shanga za aina nyingi, na mara kwa mara iligundua kwamba rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nyingine, hata mzigo uliobebwa kwa miguu kutoka Bagamoyo ukawa hauna maana. Anayeweka leo vifaa vya kigeni vya kambi, visivyojulikana na mtu yeyote Mwandiga, anabeba shanga za rangi isiyotakiwa.

Kuna somo jingine karibu zaidi. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wakimbizi wamekuwa wakibadilisha sehemu ya mgawo wao wa unga na kunde kwa ndizi, mboga na vitu vingine, ingawa mgawo wenyewe hauwatoshi. Mtu anayekula chakula kilekile kila siku yuko tayari kupunguza shibe ili apate ladha. Hivyo usidharau vitu vya kuungia chakula: chumvi, pilipili iliyokaushwa, dagaa, majani ya chai, sukari.

Hatua ya tatu: nunua kidogo kidogo, kuanzia vilivyo vyepesi

Usikope ili kuweka akiba, na usinunue kwa pupa. Kila mwezi ongeza kitu kimoja au viwili juu ya manunuzi ya kawaida. Anza na vile vyenye thamani kubwa na uzito mdogo, kwa sababu vinafichika, vinabebeka iwapo itabidi kuhama, na haviozi.

Sindano za mkono na za cherehani ni za kwanza katika hesabu yangu, pamoja na nyuzi imara za nailoni. Zifunge kwenye karatasi iliyopakwa mafuta kidogo ya cherehani au nta, kisha uziweke ndani ya chupa yenye mfuniko, maana unyevu wa ziwani huzishika kutu. Zifuatiwe na ndoana za ukubwa mbalimbali na uzi wa kushonea nyavu. Usiweke kabisa nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, wala kokoro, ule wavu wa kukokota: zimekatazwa na sheria, na hata siku serikali itakapokuwa mbali, kijiji kilichobaki na ziwa moja tu la kujilisha hakitamvumilia anayevua mazalia.

Viberiti ni bidhaa nzuri, lakini hufa kwa unyevu. Pakiti nzima ifungwe kwa nailoni mara mbili na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na mbali na mafuta ya taa. Viberiti vya gesi hudumu zaidi, ila gesi yake huvuja taratibu. Nyembe, misumari ya inchi mbili hadi nne, vipande vya msumeno wa chuma na tupa za kunolea vinahitaji kupakwa mafuta tu.

Majembe na mapanga ni mazito, lakini yana heshima yake. Katika karne ya 19 jembe la chuma lilikuwa sehemu ya mahari na kipimo cha biashara kwa Wanyamwezi, na thamani hiyo ingerudi upesi. Nunua majembe yasiyo na mipini. Mipini itachongwa hapa. Machache yanatosha, kwa kuwa jembe moja hukaa miaka, na bidhaa inayokaa miaka haimrudishi mteja.

Baiskeli inastahili kufikiriwa kwa makini. Petroli ikikoma, bodaboda zote zitasimama, na mzigo wa maharage kutoka Kasulu utashuka kwa baiskeli kama zamani. Weka tyubu, spoku, gololi, vipande vya breki na grisi. Tyubu zipakwe unga wa talki, zikunjwe bila kubanwa na kuwekwa gizani, kwa sababu jua huzipasua. Solusheni ya kuzibia pancha hukauka ndani ya mrija hata kama haijafunguliwa, hivyo isilimbikizwe. Badala yake jifunze kuziba kwa vipande vya tyubu kuukuu na kuvifunga kwa mpira.

Chumvi inahitaji uamuzi wa mahali. Kwa mkazi wa Kigoma, Uvinza haiko mbali kiasi cha kushindikana kwa baiskeli, na hivyo magunia mawili matatu yanatosha. Kwa mkazi wa vijiji vya ndani ya Tabora, chumvi ingekuwa bidhaa ya kwanza kabisa. Ihifadhiwe kwenye ndoo ya plastiki, kamwe isiwe ya bati, iinuliwe kutoka sakafuni na kufunikwa. Chumvi yenyewe haina mwisho, ila madini joto yaliyotiwa ndani yake hupungua kadiri miaka inavyopita.

Yapo mambo ya kuacha. Petroli ndani ya nyumba ni hatari ya moto, na huharibika ndani ya miezi. Betri za bei nafuu huvuja na kufa zenyewe zikiwa rafuni. Ni afadhali taa ndogo za jua. Dawa za hospitali zisifanywe bidhaa: anayebadilisha vidonge vya kuua vijidudu kwa kuku, bila kujua ugonjwa wala kipimo, anaweza kuua mtu. Gongo nayo, ambayo wengi huitaja kwanza mazungumzo ya namna hii yanapoanza, ni kosa kisheria leo na huleta walevi mlangoni kesho. Dhahabu sina la kusema juu yake, isipokuwa kwamba haipikiki.

Hatua ya nne: hifadhi ya mazao, ambako wengi hupoteza

Nafaka na kunde zinaweza kuwa bidhaa bora ya mabadilishano katika miezi ya Januari na Februari, wakati maghala ya wengi yamepungua, ila kwa sharti kwamba zimenusurika wadudu. Adui mkubwa ni dumuzi. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, na mahali pa kwanza alipoonekana barani Afrika ni hapa jirani, mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hula mahindi na muhogo mkavu, na huacha vumbi tupu ndani ya gunia.

Kwanza kausha. Mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13 au 14 hayapaswi kufungiwa. Ikiwa huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, jaza robo yake kwa mahindi, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi na yarudishwe juani. Ikishuka yote chini, yako tayari au yamekaribia.

Kisha funga pasipopita hewa. Mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za nailoni ndani ya gunia la kawaida, hufanya kazi bila dawa: wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa. Jaza, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake kwa kusokota na kukunja, na usiufungue mfuko kila wiki kwa udadisi. Mfuko usiegemee ukuta, na panya wazuiwe, maana tundu moja linabatilisha kazi yote. Ngoma ya plastiki iliyojazwa mpaka juu inafaa vilevile. Mbegu ziwekwe kando na nafaka ya kula, zimeandikwa aina na mwaka, na zichaguliwe aina za asili ambazo unaweza kuzipanda tena. Mahindi chotara hayarudii mavuno yake msimu wa pili.

Dagaa ni bidhaa ya Kigoma inayotambulika hadi Dar es Salaam, na thamani yake hupanda ziwa linapofungwa. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na katika kipindi hicho aliyekuwa na dagaa waliokaushwa vizuri alikuwa na kitu ambacho ziwa halikukitoa. Wakaushe kwenye chanja, si mchangani, ili wapate upepo juu na chini na wasibebe kokoto. Wakivunjika wakipindwa, wamekauka. Wafungwe vifungu vidogo, gizani, na watumike ndani ya miezi michache, kwa kuwa mafuta yao huchacha.

Mawese yachemshwe taratibu mpaka maji yaishe na milio ikome, yachujwe, yamiminwe kwenye madumu makavu hadi shingoni na kuwekwa mbali na mwanga. Yakichacha hayajapotea, kama hatua inayofuata inavyoonyesha.

Hatua ya tano: ujuzi, na hasa sabuni

Bidhaa zote nilizotaja zitaisha siku moja. Ujuzi haumalizwi na wateja, hauibiwi usiku, na hauhitaji ghala. Hata hivyo haupatikani kwa kusoma. Lazima uufanyie kazi sasa, wakati vifaa ni rahisi na makosa hayaumizi. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na chuo cha ufundi stadi cha VETA mkoani vinatoa mafunzo, na mafundi wengi wa mtaani watakupokea kwa ada ndogo au kwa kazi.

Ningeambiwa nichague ujuzi mmoja kwa Kigoma, ningechagua sabuni ya mawese, kwa sababu mafuta yako hapa, mahitaji hayaishi, na uhaba wake huleta magonjwa. Kwa kila kilo moja ya mawese unahitaji gramu 134 za kostiki soda na gramu 300 hivi za maji. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko. Vaa glavu, funika macho, fanyia kazi nje. Mimina soda ndani ya maji kidogo kidogo ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya soda, kwa kuwa hulipuka na kukurukia. Mchanganyiko utapata moto wenyewe. Tumia ndoo nene ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, kwani kostiki huila sufuria ya alumini na kutoa gesi inayowaka. Ikikurukia, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, na ikiingia jichoni endelea kuosha ukielekea hospitali.

Acha maji ya soda na mawese yaliyoyeyushwa vyote vipoe mpaka viwe vuguvugu. Mimina maji ya soda kwenye mafuta polepole, koroga bila kuacha mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa na kijiko kiache alama juu yake. Ndipo umimine kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni. Siku ya pili kata vipande, uvipange kivulini penye upepo kwa wiki nne hadi sita. Sabuni ya mawese peke yake ni ngumu lakini haina povu kubwa. Kuongeza mafuta ya mise kunaleta povu, ila mise hudai soda zaidi, kama gramu 165 kwa kilo. Mawese yaliyochacha yanafaa kabisa kwa kazi hii.

Piga hesabu uone: kilo moja ya kostiki inageuza zaidi ya kilo saba za mawese kuwa sabuni. Kwa uzito wake, sijui bidhaa nyingine ya dukani inayozaa thamani kubwa kiasi hicho hapa Kigoma. Iweke katika vyombo vya plastiki vilivyozibwa kabisa, mbali na watoto, kwa kuwa hunywa unyevu wa hewa na kupoteza nguvu.

Na siku kostiki itakapoisha, kuna jivu. Jivu la maganda ya ndizi na la vikonyo vya michikichi, likiwekwa kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa majani makavu, kisha likamwagiwa maji taratibu, hutoa maji makali ya rangi ya chai. Yachemshe yapungue mpaka yai bichi lielee na kuonyesha sehemu ndogo ya juu yake, kisha uyapike pamoja na mafuta. Utapata sabuni laini isiyoganda, lakini inafua.

Ujuzi mwingine nautaja kwa ufupi, si kwa kuwa ni mdogo. Kushona na kuziba nyavu kutamlisha mtu katika mwalo wowote, kuanzia Katonga hadi Kagunga. Uhunzi wa kutumia springi za magari mabovu utatoa mapanga na majembe, kwa kuwa chuma chakavu hakitakosekana kwa miaka mingi. Ufugaji wa nyuki katika miombo ya Tabora na Uvinza hutoa asali ambayo haiharibiki ikivunwa ikiwa imeiva na kufunikwa, pamoja na nta ya mishumaa, ya kupaka kwenye uzi na ya kuzuia kutu. Kushona kwa cherehani ya miguu, kutengeneza baiskeli, kuunganisha waya za taa za jua, kunoa, kunyoa na kuandika barua vyote vina wateja.

Ukunga na huduma ya kwanza visifanywe biashara ya kukamia, lakini kila kaya ijue angalau kuokoa mtu anayeharisha. Kipindupindu kiliupiga mwambao wetu mwezi Mei 2015, wakati maelfu ya watu waliokimbia Burundi walipokusanyika Kagunga. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi vichanganywe, anyweshwe mgonjwa kidogo kidogo bila kuchoka. Pasipo kuni za kuchemshia maji, maji yaliyo maangavu yajazwe kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi na kulazwa kwenye jua kali kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu.

Hatua ya sita: namna ya kubadilishana

Kubadilishana bila kipimo kunazaa ugomvi. Weka mizani ya mkono isiyotumia betri, sado (ile ndoo ndogo ya kupimia), kopo na chupa ya lita moja, na utumie hivyohivyo wakati wa kupokea na wakati wa kutoa. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inajulikana kwa kila mkulima, na atakayeirudisha wakati wa shida atapoteza wateja upesi kuliko atakavyopata faida.

Bei ipangwe kwa kitu kimoja kinachotambulika na wote. Napendekeza kopo la chumvi, kwa kuwa hugawanyika na haliozi. Kisha maharage, mawese, dagaa na kazi ya siku moja shambani vyote vihesabiwe kwa makopo ya chumvi. Mkikubaliana mbele ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji, mtapunguza maneno. Kiwango kibadilike kwa msimu, na mabadiliko yatangazwe kabla.

Usifanyie biashara nyumbani. Nenda sokoni au mahali pa wazi, mchana, mkiwa wawili, mkiwa na bidhaa ya siku hiyo tu. Asiyejua una sindano ngapi hatakuja usiku kuzihesabu. Gawanya akiba katika sehemu mbili au tatu, mojawapo ikiwa kwa ndugu anayeishi nyanda za juu.

Deni litakuwepo, na mara nyingi litakuwa kubwa kuliko mabadilishano ya papo kwa papo, kwa sababu mvuvi ana samaki leo na mkulima atakuwa na maharage mwezi wa sita. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika jina, kitu, kipimo, tarehe ya kulipa na shahidi. Asiyejua kuandika awekewe alama mbele yake, na nakala abaki nayo yeye. Mgonjwa, mjane na yatima wapewe bila kuandikwa. Hilo ni suala la utu, na pia ndilo linalofanya majirani wailinde nyumba yako.

Kuhusu sheria, akiba ya kaya ni halali, lakini kuhodhi ili kupandisha bei ni jambo jingine. Wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, wapo waliotupa bidhaa porini na mitoni kwa hofu ya kukutwa nazo. Weka kiasi ambacho unaweza kukieleza mbele ya mtu yeyote kwamba ni cha nyumba na majirani, tena ukinunue wakati bidhaa ni tele, kamwe si siku uhaba ulipoanza.

Hatua ya saba: izungushe na ijaribu

Akiba iliyofungiwa hufa. Kila baada ya miezi sita toa kila kitu, kagua kutu, unyevu na panya, tumia kilichozeeka na uweke kipya nyuma yake. Kostiki iliyofunguliwa ipikiwe sabuni kwanza. Nafaka ya mwaka jana iliwe au iuzwe mavuno mapya yanapoingia.

Jaribu pia kubadilishana sasa, wakati fedha bado ipo. Siku ya gulio beba vipande kumi vya sabuni uliyoipika mwenyewe, pakiti mbili za sindano na dagaa wa kutosha sado moja, panda hadi Kasulu, na uwaombe wakulima wakupe maharage badala ya shilingi. Wengine watacheka. Andika kila walichokubali, walichokataa na kiwango walichotaja, kwa kuwa orodha hiyo itakuonyesha bidhaa ya kuongeza mwezi ujao na ile ya kuacha kununua.